Kabla Hujanunua Bembea, Hesabu Siku

Wenye eneo kubwa pembezoni mwa mji huuliza sana kama biashara ya viwanja vya burudani inalipa. Inalipa, tena vizuri. Na inafilisi watu kwa kasi ya kutisha. Ukiwachunguza waliofilisika, hutawakuta wamekosa watoto wa kupanda bembea. Utakuta walikopa kupita kiasi, wakajenga kikubwa mno, kisha wakagundua kuwa siku za mauzo ni chache kuliko walivyodhani. Makala haya ni kwa ajili ya mtu anayefikiria kuingiza fedha zake huko, awe yuko Kibaha na ekari tatu za urithi, Kitengela na akiba ya ushirika, au Muscat akitafuta cha kufanya nyumbani.

Tuanze na wakubwa, maana picha yao ndiyo inayotutia tamaa. Kampuni ya Disney ilipofunga hesabu za mwaka wake wa fedha wa 2024, kitengo cha bustani zake, hoteli, meli za kitalii na bidhaa kiliingiza mapato ya takriban dola bilioni 34, na faida ya uendeshaji ikawa kiasi cha dola bilioni 9.3. Hiyo ni zaidi ya nusu ya faida ya vitengo vyote vya kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa filamu. Mwaka 2023 walikuwa wametangaza kwamba watatumia takriban dola bilioni 60 kwenye kitengo hicho ndani ya miaka kumi. Washindani wao, Universal, walifungua Epic Universe mjini Orlando mnamo Mei 2025. Mwezi huohuo Disney ikatangaza bustani mpya Abu Dhabi, kwenye kisiwa cha Yas ambako tayari kuna Ferrari World, Warner Bros. World na SeaWorld. Ukisoma habari hizo peke yake utadhani dunia nzima inahamia kwenye bembea.

Sasa uliza swali moja tu kuhusu huo mradi wa Abu Dhabi: nani anatoa fedha? Mjenzi na mwendeshaji ni Miral, kampuni ya hukohuko. Disney inatoa jina, wahusika wake na wasanifu, kisha inalipwa mrabaha. Japani ni vivyo hivyo tangu Tokyo Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1983: mmiliki ni Oriental Land, Disney anapokea chake kutoka kwenye mauzo. Yaani anayeijua biashara hii kuliko wote duniani, akipata nafasi ya kutumia fedha ya mwenzake badala ya kukopa, anaishika kwa mikono miwili. Mimi naona hilo ni somo kubwa kuliko takwimu zote za faida.

Disney alipojaribu kujenga kwa madeni, alijikwaa. Euro Disney ilifunguliwa nje ya Paris tarehe 12 Aprili 1992, ikiwa na hoteli zenye vyumba zaidi ya elfu tano vilivyokamilika siku moja na bustani yenyewe. Watu walikuja kwa mamilioni. Ila walikuja asubuhi na kurudi kwao jioni, maana Paris iko karibu na treni ipo. Vyumba vikalala vitupu huku riba ikikimbia. Na kulikuwa na mambo madogo ya kukera: Mfaransa alinyimwa mvinyo na chakula chake cha mchana, marufuku ambayo iliondolewa mwaka uliofuata. Kufika 1994 mabenki yalilazimika kukaa mezani kupanga upya deni, na Mwanamfalme Al-Waleed bin Talal wa Saudi Arabia akaingiza fedha zake. Leo bustani hiyohiyo, kwa jina la Disneyland Paris, ni miongoni mwa sehemu zinazotembelewa zaidi Ulaya. Tatizo lake kubwa halikuwa kukosa wageni.

Kisa cha Hard Rock Park ni kifupi zaidi na kinauma zaidi. Ilijengwa Myrtle Beach, South Carolina, kwa takriban dola milioni 400. Ikafungua milango majira ya kuchipua ya 2008, na kufika Septemba mwaka huohuo ikaomba kinga ya muflisi. Mwaka uliofuata ikauzwa kwa dola milioni 25, ikabadilishwa jina, ikafanya kazi msimu mmoja, ikafungwa moja kwa moja. Mwaka 2009 Six Flags nayo, kampuni kongwe yenye bustani kadhaa Marekani, ilikwenda mahakamani ikiwa na deni la takriban dola bilioni 2.4, ilipona, na mwaka 2024 ikaungana na mshindani wake Cedar Fair. Dubai Parks and Resorts ilifunguliwa mwishoni mwa 2016 kwa mbwembwe. Upanuzi wa Six Flags uliopangwa pale ukafutwa, Bollywood Parks ikafungwa mwaka 2023. Ndugu zetu walioko Ghuba wameyaona haya kwa macho, lakini bado ukikaa nao kahawani wanakuchorea ramani ya "Dubai ndogo" huko Bagamoyo.

Basi turudi nyumbani. Soko letu halina shaka. Sensa ya 2022 iliwakuta Dar es Salaam watu zaidi ya milioni tano, na katika Tanzania nzima zaidi ya asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kizazi kizima cha jiji kilijifunza kuteleza kwenye mabwawa ya Kunduchi. Nairobi wana mabwawa na michezo ndani ya maduka makubwa kama Village Market na Two Rivers. Unguja, kiwanja cha kufurahishia watoto cha Kariakoo ni sehemu ya sikukuu kama ilivyo kanzu mpya.

Nenda pale jioni ya Idi Mosi ujionee. Watoto wanaingia kwa makundi, gauni zina mng'aro, viatu vimeshaanza kuwabana, na kila mmoja amekunja ngumi juu ya noti za mkono wa Idi alizokusanya kwa wajomba na mashangazi tangu asubuhi. Ni wateja wa aina yake: wana fedha taslimu, hawaombi punguzo, na hawaondoki mpaka ziishe. Foleni ya bembea inapinda mara tatu. Muuza urojo hana nafasi ya kunyanyua kichwa. Mtu akisimama hapo dakika kumi, anakwenda nyumbani kuandika mpango wa biashara.

Kosa linaanzia hapo, kwa sababu Idi haiji kila wiki.

Chukua kalenda na kalamu. Jumamosi na Jumapili za mwaka mzima ni 104. Masika, Machi hadi Mei, yanakula wikiendi kumi na tatu. Ondoa siku 26. Ramadhani, kama uko Pwani au Visiwani, ondoa nyingine nane. Januari mzazi analipa ada, ananunua sare na madaftari, mfuko hauna kitu, ondoa nane. Zimebaki 62. Rudisha sikukuu: Idi zote mbili, Krismasi na siku inayofuata, Mwaka Mpya, Sabasaba, Nanenane, Siku ya Nyerere na nyingine chache, tuseme kumi na tano. Ongeza siku za katikati ya wiki zinazoleta watu wakati wa likizo za Juni na Desemba, tuseme kumi na tatu. Una siku 90. Hizo ndizo siku zako za mavuno. Siku nyingine zote 275 utakuwa na walinzi, maji, umeme, kutu na mishahara.

Badilisha namba hizo kulingana na mahali ulipo. Mwenye eneo Arusha atahesabu mvua kwa namna yake, na Kenya wana likizo ya Agosti ambayo ni neema. Ila fanya hesabu kwa kalenda halisi ya miaka unayokopea, usitumie ya mwaka jana. Ramadhani inarudi nyuma karibu siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na miaka miwili mitatu inayofuata itakaa juu ya likizo ya Desemba, msimu ambao wafanyabiashara wengi wa burudani wanautegemea kufuta hasara za mwaka. Mtu anayechukua mkopo wa miaka saba leo atakutana na miezi hiyo akiwa bado analipa. Sijawahi kuona mpango wa biashara wa Pwani wenye mstari huo.

Sasa weka deni juu ya siku hizo. Mkopo wa shilingi milioni 500 kwa riba ya asilimia 15, kiwango cha kawaida kwenye benki za Tanzania, unadai riba ya milioni 75 kwa mwaka wa kwanza. Gawanya kwa siku 90: zaidi ya shilingi laki nane na thelathini kila siku ya mavuno, kabla hujagusa deni lenyewe. Kama kiingilio ni shilingi 5,000, watu 167 wa kwanza wanaopita getini kila siku nzuri wamekuja kumlipa benki. Mshahara wa mwendesha bembea unaanzia kwa mtu wa 168. Na kama mkopo ni wa dola huku wewe unauza kwa shilingi, usiendelee kusoma. Rudi ukaongee upya na benki yako.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kujenga kwa fedha yako, au ya wabia watakaokubali kusubiri, na kujenga kidogo. Disneyland yenyewe ilipofunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai 1955 haikuwa tayari. Lami ilikuwa mbichi, viatu vya akina mama vikanasa. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, mabomba ya maji ya kunywa yakawa hayatoshi. Tiketi bandia zikaleta umati usiotarajiwa. Waliparekebisha palepale huku wakiuza. Hata hivyo sikushauri kufungua na lami mbichi. Nasema tu kwamba mvuto mkubwa waliouongeza kwa miaka ulilipwa zaidi na wateja waliokuwa wameshaanza kuja.

Halafu usijenge kwa kipimo cha Idi Mosi. Tazama: bembea ya kuzunguka yenye viti 24, mzunguko dakika tatu, kushusha na kupandisha dakika tatu, inafanya mizunguko kumi kwa saa. Kwa makaratasi hiyo ni watu 240. Uhalisia ni kama 150, maana viti havijai, mtoto analia, mkanda unagoma. Kwa saa sita umepandisha 900. Wakija watoto elfu mbili na kila mmoja anataka kupanda mara tano, unahitaji mashine kumi na mbili. Ukinunua kumi na mbili, nane zitalala siku nyingine zote za mwaka zikiliwa na kutu ya bahari. Nunua za Jumamosi nzuri ya kawaida, tatu au nne. Sikukuu ikifika, kodisha majumba ya kuruka ya upepo, waite watu wa ngamia, vinyago na ngoma, ugawane nao mapato.

Kuhusu bei, Disneyland kwa miaka mingi ilitoza kiingilio kidogo na kuuza vitabu vya tiketi za michezo. Ilihamia kabisa kwenye kiingilio kimoja mwaka 1982. Washauri wengi watakwambia uige kiingilio kimoja kwa kuwa ndiyo mtindo wa dunia. Kwa mifuko yetu mimi sikubaliani nao. Baba mwenye watoto wanne akiona 20,000 kwa kichwa getini anageuza bajaji. Akiona 3,000 anaingia, na akishaingia mtoto ndiye anayefanya mauzo kwa niaba yako. Tiketi za mchezo mmojammoja pia zinakuonyesha mashine ipi inapendwa na ipi ni ya kuuza. Kiingilio kimoja kiachie safari za shule, ambazo ndizo dawa ya siku zako 275 zilizokufa: mwalimu mkuu anataka bei moja kwa mwanafunzi, chakula ndani, basi lipate kivuli na choo kiwe karibu. Mfuate ofisini kwake mwanzo wa muhula na karatasi yenye bei, usingoje akutafute.

Suala la chakula linaharibu majina ya watu kuliko bembea mbovu. Simama Jumapili kwenye geti la bwawa lolote lenye bango la "Chakula cha nje hakiruhusiwi". Familia imeshuka na hotipoti la pilau limefungwa kwenye kanga, bibi yupo, watoto wameshavaa nguo za kuogelea. Mlinzi anasema, "Mama, hiyo haiingii." Mama anaeleza kuwa mzee ana sukari, hawezi kula chipsi. Mlinzi anarudia alivyoagizwa. Wataingia, hotipoti litabaki kwenye gari, na hawatarudi tena. Bustani za Disney za Marekani zinaruhusu mgeni kuingia na chakula chake, isipokuwa pombe na chupa za kioo. Tokyo Disneyland wanakataza, lakini nje ya geti wameweka sehemu ya kukaa na kula ulichobeba. Wewe waruhusu pilau, uuze kisichobebeka kwa urahisi: madafu baridi, juisi ya miwa, barafu, mishikaki ya moto, mikeka na meza za kukodi chini ya miti. Na uza sherehe za kuzaliwa. Sherehe ya watoto thelathini yenye keki na kona yake inaweza kukuingizia Jumamosi moja zaidi ya bembea nzima.

Juu ya mashine zenyewe, utapata za kila bei. Zhengzhou na Guangdong nchini China zinatengenezwa kwa wingi; Italia kuna Zamperla na wenzao; mitelezo ya maji utaipata kwa Polin wa Uturuki au WhiteWater wa Kanada. Mtumba upo pia, na mtumba si dhambi. Muulize muuzaji mambo haya kabla ya bei: mashine imetengenezwa kwa kufuata ISO 17842 au EN 13814? Kitabu cha matengenezo kipo, kwa lugha ambayo fundi wako anaisoma? Beringi na mikanda inapatikana Kariakoo ya Dar es Salaam au lazima iagizwe miezi miwili? Chuma kimepakwa nini dhidi ya chumvi ya bahari? Muuzaji anayekwepa swali la kitabu, mwache. Kisha ajiri fundi kabla mashine haijafika, awepo inapofungwa, kwa sababu aliyeifunga anarudi kwao na wewe unabaki na sauti usiyoijua inayotoka kwenye gia.

Usalama hauhitaji mashine kubwa kukuangusha. Tarehe 16 Desemba 2021 huko Devonport, Tasmania, upepo ulinyanyua jumba la kuruka la watoto kwenye shughuli ya shule ya kufunga mwaka, na watoto sita wakafa. Jumba la upepo, lile ambalo sasa lipo kwenye sherehe za kila mtaa wetu! Hapa kwetu mara nyingi utaona limefungwa kamba kwenye bampa ya gari au tofali. Vigingi vyote vifungwe kama kitabu chake kinavyosema, na mtu awepo mwenye ruhusa ya kulishusha upepo ukianza kuvuma bila kumpigia bosi simu. Kwenye maji, weka waokoaji wanaojua kuogelea, wasioshika simu, na wanaopokezana. Alton Towers ya Uingereza ilipata ajali moja Juni 2015; mahakama iliwatoza wamiliki wake faini ya pauni milioni 5, na wageni wakapungua. Wao walikuwa na mtaji wa kusubiri watu wasahau. Wewe huna.

Karatasi nazitaja haraka kwa kuwa utaratibu wake unajulikana. Tanzania Bara ni usajili BRELA, leseni ya halmashauri, tathmini ya mazingira NEMC, OSHA, Zimamoto, mashine ya EFD kutoka kwa wakala aliyeidhinishwa na TRA, na kibali cha muziki unaoupiga. Kenya ni kaunti, NEMA na KRA. Anza nazo kabla ya ujenzi.

Kuna jambo moja ambalo kampuni za nje haziwezi kukushinda, nalo ni hadithi ya mahali. Gold Reef City ya Johannesburg imejengwa juu ya mgodi wa dhahabu wa kweli, na wageni hushushwa chini ya ardhi kuuona. Ukichora Mickey kwenye ukuta wako unakaribisha barua ya wanasheria, na ukuta wenyewe unafanana na wa jirani. Jahazi la mbao ambalo mtoto anapanda na kuvuta tanga, sungura na fisi wa hadithi anazosimuliwa na bibi yake, mnara wa taa, soko la samaki la kuchezea: hivyo fundi seremala wa Bagamoyo au Lamu anavitengeneza kwa mbao, havidai umeme wala dola.

Sasa nani asiingie? Asiyekuwa na eneo lake na anataka kupanga kwa mkataba wa miaka mitatu, asiingie. Mashine hazijilipi kwa miaka mitatu. Anayetegemea faida ya mwaka wa kwanza kulipia ada za watoto wake, asiingie. Anayeishi mbali na kumwachia shemeji funguo za geti na mkoba wa fedha taslimu, nadhani anajua mwenyewe.

Kwa mwingine yeyote, fanya hivi kabla ya mwezi huu kuisha. Hesabu siku zako za mavuno kwa kalenda ya mahali pako hadi 2033, zigawie gharama zako zote za mwaka, uone ni watu wangapi wanatakiwa kupita getini kila siku nzuri. Kisha nenda Jumamosi tatu kwenye viwanja vilivyopo jirani ukae getini na uhesabu vichwa wewe mwenyewe. Kama namba ya getini ni ndogo kuliko ya karatasi yako, lima mihogo kwenye ekari hizo. Kama ni kubwa, anza na miti ya kivuli, vyoo visafi na bembea tatu.